Bustani Yangu na Watu Wanaoikanyaga

Jumatatu, 24 Novemba

Barua imefika. Mkaguzi wa bustani za jiji, Bi Umutoni, atakuja Jumamosi kuhesabu watu. Bustani yenye watu itapewa fungu la matunzo. Isiyo na watu itamwagiwa kokoto iwe maegesho ya magari.

Nimeisoma mara tatu. Miaka minane naitunza bustani hii ya Nyakabanda. Bembea mbili, mabenchi manne, na nyasi za pasiparumu nilizozipanda kwa mkono wangu, shina kwa shina. Maegesho? Labda wanimwagie mimi kokoto kwanza.

Léonce, mtunza bustani wa Gatsata, amekwisha kaguliwa. Ametuma picha kwenye simu: watu mia moja na kumi na wawili, wote wanacheka. Nusu ni shemeji zake, nina hakika.

Jumanne, 25 Novemba

Kazi imeanza. Nyasi lazima zipumzike, mkaguzi asikute vipara. Tangu asubuhi niko na filimbi mdomoni. Nimefukuza watoto kumi na wanne. Alasiri nimewafukuza kina mama wanaosuka vikapu, wale wa Bibi Béatha, ambao hukaa pale kila siku kana kwamba wamepangishiwa.

Bibi Béatha aliniuliza: "Wewe Nasiri, hii bustani iko ya watu ao iko ya majani?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba ni ya watu, na kwa sababu hiyo wasiikanyage mpaka watakapohesabiwa. Akakusanya ukindu wake. Jioni bustani ilipendeza ajabu. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Jumatano, 26 Novemba

Nikiwa nanawa uso, tatizo likanijia. Bustani isiyo na watu haina watu. Nawahitaji, lakini Jumamosi tu, na kwa wingi.

Nimezunguka bembea nikifikiri mpaka nikapata. Jumamosi hii ni ya mwisho wa mwezi! Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi! Mudugudu, yaani mtaa mzima, lazima utoke na majembe. Kazi ikifanyika kwangu, mkaguzi atakuta watu mia tatu. Léonce ataifuta picha yake mwenyewe.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimekwenda kwa Mutsinzi, mkuu wa mudugudu wetu. Yeye alikuwa amepanga tuzibue mtaro wa barabarani. Nikamwambia bustani imevamiwa na magugu. Akasema alipita jana na hakuona gugu wala mtu. Nikamwambia magugu ya pasiparumu hufanana sana na pasiparumu. Akakuna kichwa, akakubali, ili mradi mkutano wa baada ya kazi aufanyie kwenye mabenchi yangu.

Leo nimefukuza watoto kumi na mmoja. Bibi Béatha mara mbili.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua kutwa nzima. Nimeandika kibao: KARIBUNI NYOTE. Chini yake, kwa herufi ndogo: msikanyage nyasi. Nimekitundika kwenye bembea. Niko tayari.

Jumamosi, 29 Novemba

Saa mbili asubuhi wakafika. Watu mia tatu na sita, niliwahesabu mwenyewe nikiwa nimesimama juu ya benchi. Kibao hakuna aliyekisoma. Saa tatu, mkaguzi hajaja. Saa nne, hajaja.

Mutsinzi akaniuliza kwa nini natazama barabara badala ya kulima. Nikamwambia namsubiri mkaguzi. Akauliza anakaa wapi. Nikasema upande wa pili wa jiji. Akaegemea jembe lake, akaniuliza taratibu kama huko hakuna umuganda.

Nikakaa chini kwenye tope. Sijakosa umuganda hata mmoja katika miaka minane. Najua kwamba mpaka saa tano kila mtu yuko kwao na jembe lake, barabara tupu. Nikasahau kwamba mkaguzi naye ana jembe.

Baada ya mkutano wote wakaenda kuoga. Nyasi zangu zilikuwa uji. Mia tatu na sita, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa popote. Nikasogea nyuma ya bembea nikalia, si sana.

Kufuta macho, nini naona? Bibi Béatha na kundi lake, na vikapu vyao, juu ya kipande pekee cha nyasi kilichopona. Na watoto, wengi kuliko siku zote. Wameona mudugudu mzima umekanyaga, wakadhani marufuku imekwisha. Hasira zikanipanda. Nikapuliza filimbi mpaka mashavu yakauma. Nikiwafukuza juu, wanateremka chini. Nikishuka, wanapanda. Mzunguko wa tatu nikagongana na mama mmoja mwenye mwavuli na daftari, viatu vimejaa tope.

Alikuwa Bi Umutoni. Aliniomba nisimame kidogo, kwa sababu watu wanaokimbia ni kazi kuwahesabu.

Jumatano, 3 Desemba

Jibu limefika. Watu hamsini na wanane. Fungu tumepata! Nyasi mpya, bembea ya tatu, maegesho hakuna. Nimeibusu barua mbele ya Bibi Béatha na sikuona aibu.

Mkaguzi ameandika kwamba hajawahi kuona watu wanaoipenda bustani kiasi cha kurudi baada ya kufukuzwa mara tatu. Ameandika pia kwamba mtunzaji arudishe filimbi ofisini. Nimeirudisha, sina kinyongo. Mpango wangu umefaulu. Bibi Béatha ameuliza mpango upi. Mambo ya uongozi yanampita.

Ijumaa, 5 Desemba

Pasiparumu mpya imepandwa. Kijani tupu! Ukaguzi mwingine ni mwezi wa tatu, kwa hiyo mpaka hapo nyasi lazima zipumzike.

Barua imetaja filimbi peke yake. Nimenunua sufuria kuukuu na mwiko. Leo nimewaondoa ishirini na mmoja. Bibi Béatha mara nne.