Uzinduzi wa Feni ya Mama Mkwe

Mheshimiwa Mama Mkwe, mgeni rasmi na mnufaika mkuu wa mradi huu, Mheshimiwa Mke Wangu, Waziri wa Fedha na Mambo Yote ya Ndani, Mheshimiwa Shemeji, kiongozi wa upinzani, ambaye naona ameshakalia kiti changu, wanangu, wananchi watiifu wa sebule hii, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja.)

Ndugu wadau, mtakumbuka kwamba Mama alipotoka hospitali na goti lililopasuliwa, huku rimoti ya feni yake ikiwa imefia kwenye beseni la kufulia, mimi, bila kuombwa na mtu, nilisimama hapa hapa nikatamka kwamba Mama hatanyanyuka kuwasha feni, kwa kuwa nitatekeleza mkakati jumuishi wa kidijitali, yaani kikompyuta cha bodi moja, kinachoenea kiganjani, kitakachopokea miale isiyoonekana ya rimoti ya televisheni na papo hapo kurusha miale ya kuiamuru feni. (Sauti: "Si tungenunua tu rimoti nyingine?") Mheshimiwa Shemeji, naomba utulivu.

Kupokea kulifaulu. Kurusha kulifaulu. Changamoto ilijitokeza tulipotaka vyote viwili kwa wakati mmoja, maana mtaalamu wetu, ambaye ni mimi, alikuwa amekiagiza kikompyuta kitii mwale wowote kinaouona. Basi kikawa kinarusha amri, kinaiona amri yake chenyewe, kinadhani ni Mama, kinarusha tena, na feni inawaka, inazima, inawaka, inazima, hadi Mama akauliza kama kuna mtu amejificha chini ya kitanda. (Vicheko.)

Nikaunda kamati. Kamati nikawa mimi. Kamati ikaziba jicho la kupokea kwa utepe mweusi, kikompyuta kikawa kipofu kabisa. Kamati ikaandika upya programu ili jicho lifumbe kila taa ya kurushia amri inapowaka, na tangu Jumatano, ndugu wadau, takwimu zinajieleza zenyewe: Mama akiambiwa abonyeze, feni inawaka, asilimia mia moja. Nilijipigia makofi peke yangu koridoni, na machozi yalinilengalenga. (Kikohozi upande wa Waziri.)

Mapinduzi ya miale, hoyee! (Kimya.) Goti la Mama, lipumzike! (Mtoto mmoja: "Lipumzike.")

Kwa kumalizia, namshukuru Mke Wangu, aliyeniita leo asubuhi akanionyesha waya wa kikompyuta, umechomolewa na kukunjwa vizuri juu ya kabati tangu hiyo Jumatano, kwa sababu Mama aliogopa usije ukaunguza nyumba. Kipekee namshukuru Mama, ambaye kila niliposimama koridoni nikisikiliza mafanikio yangu, alinyanyuka na goti lile lile, akashika ukuta, akaiwasha feni kwa mkono wake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Ulikuwa umefurahi sana, mwanangu."

Rimoti mpya hii hapa, nimeinunua mchana. Asanteni kwa kunisikiliza. (Mgeni rasmi anasimama kupiga makofi.)

Mama, tafadhali, kaa.