Mashtaka Dhidi ya Wifi Yangu Aliyekataa Kugombana Kuhusu Poda ya Malaika

Kwako Mchungaji wetu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ni mimi, fundi cherehani ninayeshona nguo za igizo la Krismasi. Namshtaki wifi yangu, mwalimu wa shule ya Jumapili. Kosa lake ni kwamba amekataa kugombana nami.

Kwa miaka kumi na minane nimewapaka poda nyeupe watoto wanaoigiza malaika. Wale weusi zaidi, ambao poda haiwashiki, nikawafanya wachunga kondoo. Sasa yeye anataka malaika wapande jukwaani na rangi waliyoumbwa nayo. Tazama alivyonitendea:

1. Hakunisengenya. Alikuja mwenyewe dukani, akavuta kigoda, akanisikiliza nikifoka mpaka koo likakauka. Kisha akasema, "Nimekuelewa, wifi, ila sikubaliani nawe." Akanimiminia maji ninywe! Huo ni uungwana wa kuudhi.

2. Nilimuuliza ni wapi Biblia inasema malaika ni weusi. Akaniuliza, taratibu, ni wapi inasema wamepakwa poda. Nimepekua kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Macho yananiuma. Nadai miwani.

3. Aliomba kwa ajili yetu sote wawili, akamwambia Mungu kwamba huenda yeye ndiye aliyekosea. Nilikuwa nimeandaa "Amina" ya hasira. Ikatoka ya kawaida.

4. Binti yake, mweusi kama kaka yangu, yaani kama mimi, aliniuliza nikimpima kiuno: "Shangazi, hivi mbinguni kuna poda ya kututosha wote?" Nilikuwa na pini mdomoni, nusura niimeze.

Kwa hiyo naomba kanisa lipige marufuku upole katika mabishano. Waumini wafokeane, wanuniane miezi sita, wahame viti. Hapo nitashinda, maana kwa kununa sina mpinzani.

Nisalimie mama mchungaji, wazee wa kanisa na kwaya yote, isipokuwa sauti ya tatu. Wenyewe wanajua walichofanya.

Dada yako katika Kristo, mwenye hasira zake,
Fundi

Nyongeza: Poda yote nimempa kinyozi. Malaika Gabrieli mwaka huu ni huyo binti wa kaka yangu; nimemshonea gauni la manjano, na akilivaa anawaka mpaka unataka kulia. Wifi anasema, kwa heshima zote, bluu ingempendeza zaidi. Anakuja kesho tubishane. Nimeshanunua maandazi.