Azimio la Mchezo wa Kadiri, Mtaa wa San Telmo

Ifahamike kwa wakazi wote wa San Telmo, wa mbele ya mfereji na wa nyuma yake, kwamba Serikali ya Mtaa imelivalia njuga suala la mchezo uliopitiliza. Kuanzia sasa, kiumbe yeyote, mkubwa kwa mdogo, mwenye cheo na asiye na cheo, atakayemchezea mwenzake kwa nguvu kuliko mwenzake anavyotaka, atashughulikiwa bila upendeleo.

Maneno hayo niliyasoma mimi mwenyewe kwenye kipaza sauti cha ofisi yetu, asubuhi, kabla ya muziki wa mazoezi ya viungo. Naitwa Wenceslao Magbitang, Kagawad Islaw kwa wapiga kura, mjumbe wa baraza la mtaa na Mwenyekiti wa Kamati ya Amani, Utulivu na Mchezo wa Kadiri. Kamati ina mjumbe mmoja, jambo ambalo hurahisisha sana kupata akidi. Yale maneno ya "mwenye cheo na asiye na cheo" yaliongezwa na Kapteni wetu wa mtaa, Mheshimiwa Crisanto Dimaano. Alisema yanapendeza masikioni.

Chanzo cha yote ni mbwa. Anaitwa Bagyo, yaani tufani, na ni mali ya Aling Pasing, mjane anayekaanga turon, zile ndizi za kuvingirisha zenye sukari, pembeni mwa uwanja wa mpira wa kikapu. Bagyo ana mwaka mmoja na hana ubaya moyoni. Shida yake ni kwamba akimpenda mbwa mwenzake humwendea mbio, humpiga kikumbo, humshika shingo kwa meno, kisha humkalia. Mbwa mzee wa Mang Tibo, kinyozi wetu, akimwona tu huingia chini ya kiti cha wateja na hatoki mpaka duka lifungwe. Malalamiko yalipofika ofisini tuliyapokea, na suala likawa linafanyiwa kazi.

Likaendelea kufanyiwa kazi hivyo hivyo mpaka siku Bagyo alipomkalia Chichi.

Chichi ni mbwa wa Kapteni. Ni mdogo, mweupe, ana utepe kichwani, na siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza ametoka kusukwa. Alitumbukia mferejini na utepe wake. Kufikia mchana suala lilikuwa na kamati, azimio, na bango la turubai lenye picha ya Kapteni ameinua kidole gumba.

Kwa utaratibu wetu, majirani wakigombana hawaendi mahakamani kabla hawajakaa mbele ya Kapteni wakapatanishwa na kushikana mikono. Safari hii mlalamikaji alikuwa Kapteni na mpatanishi alikuwa Kapteni. Niliona tumeokoa muda mwingi.

Tulikutana uwanjani, chini ya lile bango. Nusu ya mtaa ilikuwepo, kwa sababu Doktora Llaneta, daktari wa mifugo wa jiji, alikuwa kwenye kona akichanja mbwa.

"Aling Pasing," Kap alisema, "nakuhurumia sana. Lakini Ijumaa lori la jiji linapita, na Bagyo atapanda."

Hakuna asiyejua banda la mbwa la jiji. Mbwa huenda na lori, kisha lori hurudi peke yake.

"Jamani, Kap," Aling Pasing alisema, mkono ukiwa shingoni mwa mbwa wake. "Huyu bado mtoto. Mume wangu ndiye aliyemwokota, wiki ile ya mwisho ya uhai wake, akaniletea ndani ya kofia. Nyumba nzima sina mwingine. Anacheza tu!"

"Kucheza gani huko? Mwenzake analia, yeye ndio kwanza anazidi!"

Alipomaliza kusema hivyo, Kap akampiga Mang Tibo kofi la kisogo, la kirafiki, akachukua turon kutoka kwenye sinia la Aling Pasing.

Hapa sina budi kumsemea Kapteni wetu. Ni mtu wa watu. Hawezi kumpita mwananchi bila kumgusa. Madereva wa pikipiki za abiria huwakaba shingo, kinyozi ndiyo hivyo kisogo, na mimi hunipiga ngumi ya bega kila anapofurahi. Na kwa kuwa mambo ya mtaa yanakwenda vizuri, bega langu la kushoto lina rangi ya bilinganya tangu uchaguzi. Sote hucheka. Asiyecheka huulizwa kama anaumwa, kisha hurudiwa.

"Mnabishana nini?" Doktora Llaneta alisema kutoka kwenye kona yake, bila kuinua uso. "Waulizeni mbwa. Mshikeni yule mkorofi pembeni, mwacheni mwenzake huru. Mwenzake akimrudia, walikuwa wanacheza. Akikimbia, basi alikuwa anacheza mmoja tu."

"Na akizidi, Doktora?" Aling Pasing aliuliza.

"Mtoe pembeni umfunge. Usimpige, usimgombeze. Akipiga kelele, mwache apige. Akitulia, mfungue. Akizidi tena, pembeni tena. Atajifunza, Aling Pasing, wanajifunza wote."

Maneno yalikuwa mazuri ila hayakuwa ya kiserikali, kwa hiyo niliyarekebisha palepale. Kifungu cha kwanza kikawa Tathmini Shirikishi ya Utayari wa Mchezewaji. Kifungu cha pili kikawa Mapumziko ya Lazima: aliyefungwa hatafunguliwa angali anapiga kelele. Kap alisaini bila kusoma, maana mpiga picha alikuwa ameshakaa tayari.

Tukafanya tathmini. Bagyo alifungwa kwenye nguzo ya goli. Kap mwenyewe akamweka Chichi chini.

"Sasa muone atakavyotimua mbio," alisema.

Chichi alitimua mbio kweli. Alimwendea Bagyo moja kwa moja, akainamisha kifua, akainua makalio, akambwekea usoni kisha akamng'ata sikio. Bagyo alilala chali. Watu wakapiga makofi. Akaletwa mbwa mzee wa Mang Tibo, naye alipoachiwa akakata shauri kwenda nyumbani.

"Basi, yamekwisha," Doktora alisema. "Huyu mdogo acheze naye, na mzee asisumbuliwe tena. Bagyo hana haja ya lori, ana haja ya kamba na mtu wa kumtazama."

Aling Pasing alianza kulia, ila kwa furaha. Kap alikuwa amevimba. Mbele ya watu wote, Chichi wake alikuwa amemtia aibu.

"Kipimo cha uongo hicho!" alisema. "Mimi nacheza na watu kila siku ya Mungu, na sijaona hata mmoja akikimbia!"

"Kwa sababu umewashika, Kap," alisema Doktora.

Watu walicheka. Kap naye akacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akaifungua kamba ya Bagyo kwenye nguzo na kujizungushia kiunoni.

"Nifunge! Nifunge mimi! Akinirudia hata mtu mmoja kucheza nami, Bagyo anapanda lori. Asiponirudia mtu, abaki. Nawajua watu wangu, wananipenda!"

Doktora alimfunga kwa fundo la kufungia ng'ombe, nyuma ya nguzo, mahali ambapo mkono haufiki. Aling Pasing alimkumbatia Bagyo kwa mikono miwili, kwa kuwa kamba hakuwa nayo tena.

"Haya!" Kap alikunjua mikono. "Nani anaanza? Tibo!"

"Nina mteja, Kap."

"Yuko wapi?"

"Atakuja."

Mang Tibo aliondoka huku akijipapasa kisogo. Kap akawageukia madereva. Mmoja alikumbuka abiria, mwingine akakumbuka kwamba naye anamjua abiria huyohuyo. Mpiga picha akasema betri imekwisha. Uwanja ukawa mweupe, tukabaki wachache na lile bango lenye kidole gumba.

"Islaw," Kap alisema. Sasa hakuwa anacheka. "Njoo hapa."

Nilikuwa nimeshainuka. Miguu yangu imezoea. Kiti changu barazani nimekipata kwa jina lake na picha yake, na bila yeye nitarudi kuuza mitungi ya gesi kwa shemeji yangu. Aling Pasing alinitazama juu ya kichwa cha mbwa wake, nikaona anaogopa. Nikapiga hatua moja, na bega likaanza kuniuma kabla sijaguswa.

Nikarudi nikakaa.

"Kap," nilisema, "kwa mujibu wa Tathmini Shirikishi, matokeo yamepatikana. Bagyo anabaki."

"Nini? Mpumbavu we! Nifungue! Nifungue nasema! Uchaguzi wa mwakani, hilo baraza utaliona kwenye bango tu!"

Nilikisoma tena kifungu cha pili, kwa uangalifu, kwa sababu ni sheria na ina saini yake.

"Hairuhusiwi, Kap. Mpaka utulie."

Aling Pasing alinipa turon ya moto. Hakukuwa na mtu wa kuninyang'anya, nikaila yote, nikagundua kumbe ndani huwa kuna fenesi. Mbele yetu Bagyo alimkalia Chichi, Aling Pasing akamvuta pembeni kidogo, alipotulia akamwachia, na Chichi akamrudia.

Azimio limefuatwa kikamilifu. Mheshimiwa Kapteni hatukumpiga wala hatukumgombeza. Tulikaa tukasubiri, na hadi ninapoandika taarifa hii bado hajatulia.