Mama Mkwe Anafeli Kahawa kwa Makusudi

Kwa Baba Mkwe mheshimiwa, fundi saa,

Shikamoo. Huku wote wazima, isipokuwa mimi mkweo, ninayeandika nikiwa nimesimama kwa sababu kiti changu kimepata mwenyewe mwingine.

Unanifahamu. Shule niliiacha darasa la sita, lakini dunia nimeisoma hadi jalada la nyuma. Nimefua mashuka katika hoteli tatu zenye lifti, na kwenye mlango wa nyuma wa jiko ndiko nilikojifunzia ile kahawa yangu ya krimu na vanila. Bila kujisifu, iliwahi kumfanya mgeni aliyefunga mizigo kwa hasira aifungue. Mkeo alipokuja kutusalimia kwa siku tatu, nilimwonjesha. Akasema, "Mwanangu, nifundishe nikampikie mzee wangu." Nami, mdomo wangu huu, nikaapa kwamba haondoki hapa mpaka aiweze.

Siku tatu hizo sasa ni wiki ya tisa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anafeli. Somo lenyewe dogo: kahawa nzito nusu kikombe, vijiko viwili vya maziwa matamu ya kopo, vanila matone matatu. Maziwa ya uvuguvugu unayatia kwenye chupa ya jamu, unafunga kifuniko, unatikisa mpaka yatoe povu. Wiki ya kwanza alisahau kifuniko. Dari tumelipaka rangi upya.

2. Wiki ya nne alitia chumvi. Akanitazama kwa upole: "Nimekosea tena, mwanangu?" Mkwe ni mkwe. Nilikunywa yote, na samahani nikaomba mimi.

3. Kila akifeli inabidi nimwonyeshe upya, na kikombe cha kuonyeshea hakimwagwi, anakinywa yeye. Vikombe vitatu kwa siku!

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jumanne nilirudi kazini mapema, nikachungulia dirisha la jiko. Mama anatikisa chupa kama aliyezaliwa nayo mkononi, povu limesimama wima, na jirani yetu mshonaji anamwambia, "Shoga, hii inaishinda hata ya mkweo!" Mama akamjibu, "Nyamaza wewe! Akijua nimeweza, kesho nipo kwenye basi."

Kumbe, Baba, siyo kwamba hawezi. Amenizidi, na ananificha. Mwalimu aliyezidiwa na mwanafunzi atauweka wapi uso wake? Nikimshtakia binti yako, anacheka mpaka anashika ukuta. Watoto nao wamehamia upande wa bibi yao.

Kwa hiyo nakuomba, kwa adabu zote, uje Jumamosi umchukue mkeo. Nitakukabidhi yeye pamoja na cheti nilichomwandikia mwenyewe kwa wino mwekundu.

Nisalimie shangazi, mashemeji wote, na yule jirani yako ambaye kukoroma kwake kunafika kwako kabla yake.

Mkweo mtiifu,
Dobi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mama ameniletea kikombe. Nimekunywa mpaka tone la mwisho. Baba, haina kasoro hata ya dawa. Akauliza, "Leo nimekosea wapi?" Nikawatazama watoto walivyomlalia mapajani, nikajikuta namwambia povu bado halijakomaa, tujaribu tena mwezi ujao. Basi usije kumchukua. Njoo nawe uandikishwe darasani. Kwa mikono yako ile ya kukaza skrubu za saa, naona utahitaji mwaka mzima.