Kichwa Changu Ndani ya Ndoo

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu amemaliza kuchonga sanamu ya kichwa. Mpingo mtupu! Sura ni yangu, ila mashavu kayapunguza. Mwenye jumba la maonyesho ng'ambo anaitaka mwezi huu huu. Ikichelewa, nafasi atapewa mwingine. Binti anasema tusubiri kibali. Mpingo unaisha misituni, nchi zimekubaliana usivuke mpaka bila karatasi. Nikamwambia nilimzaa bila karatasi. Akacheka, akaenda kununua msasa.

Jumanne, 4 Machi
Akili ninayo, japo niliishia darasa la saba! Nimeipaka sanamu rangi ya maji iliyobaki tulipopaka ukuta wa jikoni. Posta nitasema ni msonobari, mti mweupe usiotakiwa karatasi. Binti hajui. Atanishukuru.

Jumatano, 5 Machi
Ofisa misitu wa pale posta akaigonga sanamu, akauliza mti gani. Nikamjibu: msonobari, baba, kibao cha sanduku tu. Akaamini! Kashika na muhuri. Kumbe nyuma yangu kasimama jirani, fundi cherehani, ambaye kila asubuhi namsifia mpingo huu. Akaangua kicheko: ala, shoga, ndiyo mpingo wako wa kututambia, kibao cha sanduku? Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akaongeza kwamba hata pua imekaa kama kisiki. Pua yangu!

Nikavuta ndoo ya mfagizi, nikaitumbukiza sanamu. Chubwi! Ikazama kama jiwe. Nikawauliza, msonobari gani huo unaozama? Rangi ikaanza kutoka, weusi ukang'aa. Raha iliyoje!

Ofisa akaweka muhuri chini. Akachukua sanamu.

Ijumaa, 7 Machi
Kibali kimetoka. Sanamu haitoki: imefungiwa stoo, ni kielelezo cha kesi yangu. Binti kaniletea chai, kikombe kakitua kwa kishindo. Nimelia kidogo. Ila wanasema kila anayeingia stoo anashtuka kwa uzuri wangu.

Jumapili, 16 Machi
Mwanangu si mtu wa mchezo! Kachonga kichwa kingine, msonobari wa kweli, usiodaiwa kibali. Mteja wetu wa ng'ambo kakubali. Binti alipokwenda kuoga, nikampigia yule mteja simu, Kiswahili anakiokoteza. Nikamdokeza asiudharau mti huu, ni adimu kuliko mpingo, duniani umebaki mmoja, nao ndio tuliokata.

Jamaa kaingiwa na hofu. Hapokei kitu mpaka aone kibali.

Binti asijue. Kesho alfajiri nakwenda kwa yule ofisa kuomba kibali. Nitamwambia ni mpingo.