Watoto wa Mama Mkubwa na Mama Mdogo

Jumatano, 7 Februari

Ushindi! Ushindi mtupu! Odette na Marva, wanawake wawili wapenzi kutoka Toronto, wanakuja kulala kwangu Ijumaa. Wanaandika kitabu cha ushauri kwa mashoga na wasagaji wanaotaka kutembelea visiwa vyetu vya Karibi: wapi walale, wapi wacheze, wapi wawe na adabu. Kila pwani watachagua nyumba moja tu ya wageni. Hapa kijijini Bathsheba tuko wawili: mimi, na Hyacinth Brathwaite wa ng'ambo ya barabara, mwenye baraza inayotazama bahari na mdomo unaotazama kwangu. Kitabu lazima kinitaje mimi. Lazima!

Na nani awashauri kama si mimi? Ni mwenzao, shoga tangu ujana. Nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, na hakuna hata kuku anayejua. Nimewatungia kanuni. Wasivae nguo za mabaka ya kijeshi, hapa Barbados ni kosa kisheria. Wakiingia dukani au kwenye basi, wasalimie kwanza, hata aliyesinzia. Juu ya yote, wasijulikane! Ile sheria mbaya ya kutufunga mashoga mahakama ilishaifuta, sawa. Lakini mahakama haikai Bathsheba. Bathsheba anakaa Hyacinth.

Ijumaa, 9 Februari

Wamefika. Odette mrefu, mpole. Marva mfupi, kicheko chake kinasikika mpaka ufukweni. Waliomba kitanda kimoja. Nimewapa viwili, na pazia katikati. Usalama kwanza!

Jioni nikawahi duka la ramu kabla umbea haujafika. Nikatangaza, bila kuulizwa, kwamba wageni wangu ni ndugu, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Safi kabisa. Nikaagiza ramu kujipongeza.

Mwenye duka akauliza: ndugu wa kina nani?

Nilisahau! Mimi, mtoto wa hapa, nilisahau! Kisiwa hiki mtu hawezi kuwa ndugu hivi hivi hewani. Lazima awe na bibi, bibi awe na nyumba, nyumba iwe na mti uliokatwa kwa ugomvi. Nikaropoka jina la kwanza lililonijia: Gittens! Wajukuu wa yule Gittens aliyekwenda Kanada!

Duka zima likanigeukia. Kumbe kweli kuna Gittens aliyekwenda Kanada.

Jumamosi, 10 Februari

Sijamaliza chai, Bi Eudora Gittens huyo mlangoni, na keki nyeusi ya Krismasi iliyolala ndani ya ramu mpaka inalewesha kwa harufu. Kaka yake Egbert aliondoka kijana na hakuandika tena. Akamshika Marva masikio yote mawili. "Ya Egbert haya! Haya haya!" Akalia, akacheka, akalia tena. Nilijiona mwovu. Kisha nikakatiwa keki.

Jikoni Marva aliniwakia. Alisema bibi wa watu analia kwa uongo wangu, niende nikamwambie ukweli. Nikamjibu huo si uongo, ni ulinzi, na aandike kwenye kitabu chake kwamba msafiri asitoke kwao bila ukoo. Odette alikuwa ameshiba keki, hakuunga mkono upande wowote.

Mchana ua ulijaa akina Gittens, na pudini ya viazi vitamu, na nyama ya nguruwe ya ndimu na matango. Walipima pua. Walipima vidole vya miguu. Mjomba Lisle, kaka mwingine wa Bi Eudora, aliapa kuwa Odette anatembea kama marehemu mama yao. Hyacinth akapaza sauti kutoka barazani, akiuliza kama nimeanza kupangisha hata mababu. Wivu tu huo!

Jumapili, 11 Februari

Kiyama.

Tumetoka kanisani, tumesimama kituo cha basi. Upepo ukachukua kofia ya Marva. Odette akaidaka, akamvika, akambusu. Mdomoni! Mbele ya Bi Eudora, mbele ya Mjomba Lisle, mbele ya kwaya. Nikafumba macho nikangoja mawe.

Bi Eudora akapiga ukelele: "Watoto wa mtu na dada yake! Damu moja! Mungu wangu!"

Nikafumbua jicho moja. Nikangoja waseme lile lingine. Hawakusema. Mjomba Lisle alisema wanawake wawili yeye hana neno, binti yake mwenyewe yuko Brooklyn na mwenzake, na kila Krismasi wanamletea viatu, tena vya ngozi. Lakini ndugu kwa ndugu? Uchuro huo! Mama wa kwaya akasema ndiyo maana mvua imekata. Bi Eudora akaketi ukingoni mwa barabara na mkoba wake, akasema heri angekufa kabla hajawapata.

Nikatapika ukweli wote. Si ndugu. Si Gittens. Nilibuni.

Bi Eudora akaniuliza taratibu, je, Egbert? Nikasema sijui lolote juu ya Egbert. Akainuka. "Cuthbert, nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu."

Iliniuma. Bado inauma. Marva akamshika mkono akamsindikiza kwake.

Jumatatu, 12 Februari

Wamehamia kwa Hyacinth! Kwa Hyacinth! Eti aliwauliza swali moja tu: kitanda kimoja au viwili? Hiyo ndiyo hekima yake yote!

Kitabu kitamtaja yeye. Odette alinieleza kwa upole, jambo lililozidisha maumivu. Wataandika kwamba Bathsheba msafiri asalimie watu, asijitafutie ukoo, na alale ng'ambo ya barabara. Bi Eudora anakula nao barazani. Anasema masikio ni masikio, damu itajulikana mbele ya safari. Marva ameahidi kumtafuta Egbert huko Toronto. Kwangu bibi anapita bila salamu. Hapa hata mwizi husalimiwa!

Hyacinth akanivizia getini, akanipa pole, halafu akasema kijiji kizima kinajua habari zangu tangu utotoni, nilipoigiza Malaika Gabrieli kwenye mchezo wa Krismasi na kumkodolea macho Yusufu. Uzushi! Nitauliza nyumba hadi nyumba kama ni kweli. Kwa siri.

Alhamisi, 15 Februari

Nimetafakari siku tatu na kosa nimeliona. Ndugu! Ndugu wana ukoo, na ukoo una maswali. Kosa la pili: nilisema kwa mdomo. Maandishi huaminiwa.

Leo wamejiandikisha wanaume wawili wapenzi wa Trinidad, Anil na Desmond, wanatua Jumamosi. Maskini, hawajui wamebahatika kiasi gani. Nimebandika tangazo kwenye mlango wa kanisa: makasisi wawili wa kigeni watapumzika kwangu. Nani atamuuliza kasisi kwa nini anasafiri na mwenzake? Mitume walitumwa wawili wawili!

Hata gundi haijakauka, mzee wa kanisa huyo anakuja mbio. Kasisi wetu alihamishwa tangu Krismasi, na kuna watoto saba wanangoja ubatizo. Ameuliza kama wageni wangu wanaweza Jumapili. Nimemwambia wanabatiza wote wawili, na Desmond anahubiri.