Dada Watatu wa Mbambu

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ya mama mdogo Yunia. Anasoma Lhukonzo, lugha yetu, anasoma Kiingereza, na anasoma kila kitu kilicho chini ya godoro langu. Kiswahili anakiongea soko zima la Mpondwe, lakini kukisoma kunamchosha. Hapa niko salama.

Leo nimeona njia ya kutoka kwenye samaki.

Tangu nimalize Senior Four, yaani kidato cha nne, nakaa katika kibanda chake cha samaki wa chumvi. Mama mdogo anasema shule imetosha. Anasema mtu anayeogopa kutaja bei kwa sauti hahitaji kusoma zaidi, anahitaji kuolewa na mtu mwenye sauti. Ni kweli naogopa. Mteja akiuliza bei, namwonyesha vidole.

Lakini jana kanisani lilisomwa tangazo. Sista Mbambu, muuguzi mkuu wa zahanati ya parokia hapa Bwera, anatafuta msichana wa kumsaidia darasa la Jumamosi. Ni la akina mama wanaojifunza kusoma, na wanachosoma ni mambo ya afya. Atakayechaguliwa atapelekwa Kasese kusomea uuguzi, parokia italipa. Nafasi ni moja. Kila anayeitaka aje Jumamosi na somo lake, afundishe mbele ya Sista.

Afundishe. Mbele ya watu.

Mama mdogo alipokuwa anaoga nilichukua simu yake nikatafuta. Mtandaoni kuna masomo ya bure! Hadithi fupi za afya, kwa Kiswahili, na chini yake maswali ya ufahamu. Nimechagua moja. Mtoto Sara, binti pekee wa mama yake, anakunywa maji ya mto yasiyochemshwa. Anaharisha. Anapewa maji yenye sukari na chumvi. Anapona. Nzuri sana, nimelia kidogo.

Mwisho wa ukurasa wameandika kwamba yeyote anaruhusiwa kunakili, kubadilisha na kugawa, mradi aseme alikoitoa.

Sitasema. Sista anatafuta msichana mwenye akili, si msichana mwenye simu ya kuazima.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya soko. Nilichukua tena simu ya mama mdogo, nikamwambia naenda kutafuta chenji, nikaenda kwa Célestin. Ni Mkongomani wa Butembo, ana mashine ya fotokopi karibu na mpaka wa Uganda na Kongo. Niliandika hadithi upya kwenye kompyuta yake kwa kidole kimoja, na ule mstari wa ruhusa nikauruka.

Célestin aliuona kwenye simu. Akasema, "Mutoto, hapa banaandika ni bure. Juu ya nini unaificha?" Nikamwambia ni mambo ya kitaaluma.

Nikiwa bado nimekaa, nani anaingia? Mackline. Tulisoma darasa moja. Akicheka darasani, walimu wa darasa jirani walikuwa wanagonga ukuta. Aliniambia kwa sauti ya kusikika Kongo kwamba na yeye anaitaka nafasi ya Sista, amepata hadithi tamu sana mtandaoni, ya mtoto anaitwa Sara.

Nikaifunika kompyuta kwa kifua.

Alipotoka nje kupokea simu nilimnong'oneza Célestin amwambie wino umekwisha mpaka wiki ijayo. Alikataa. Nikamwahidi samaki. Akakubali. Mackline alirudi, akaambiwa wino hakuna, akasema basi, hamna neno, na akanipigapiga mgongo. Maskini. Hana karatasi, hana somo. Nilitembea kurudi kibandani kama mke wa waziri.

Mama mdogo aliuliza chenji iko wapi. Nilikuwa nimeisahau.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata wazo la pili, zuri kuliko la kwanza. Hata kama Mackline atakuja mikono mitupu, lazima somo langu limguse Sista moyoni. Sara ni nani kwa Sista? Si mtu wake. Basi mtoto nimemwita Mbambu. Mbambu mwenye macho mazuri. Mbambu mwenye adabu. Mbambu, binti pekee, kipenzi cha mama yake. Sista akisikia jina lake akiwa mtoto mzuri hivyo, kazi imekwisha.

Nilirudi kwa Célestin kubadilisha. Aliisoma yote, akatikisa kichwa. Akasema, "Biira, hii mama iko na bahati mubaya sana." Nilimkumbusha kwamba mtoto anapona. Akasema, "Ndiyo. Huyu anapona." Kisha akauliza samaki wake yuko wapi.

Wakongomani wanapenda huzuni. Sikumjali.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejaribu kufundisha kuku wa jirani. Sauti ilitoka mpaka jogoo aliponiangalia.

Nimepata dawa. Sitaongea kabisa. Nitagawa karatasi, kila mama atasoma sentensi moja kwa zamu, na mimi nitasimama pembeni nikitikisa kichwa kama mwalimu mkuu. Hadithi itajifundisha yenyewe. Maswali nayo yamo humo humo.

Mama mdogo ameacha sukari kwa ajili ya Kwaresima. Ameiacha kwa niaba ya nyumba nzima. Nimekunywa chai chungu na kufikiria Kasese, gauni jeupe, na chumba kisichonuka samaki.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa nimejifunika shuka. Ni mchana.

Mackline alianza. Hakuwa na karatasi. Kwa kuwa aliambiwa wino umekwisha, alikuwa amekaa siku tatu akiikariri hadithi yote, na amekuja na sufuria, dumu la maji, chumvi na sukari. Alisema wazi kwamba hadithi ameitoa mtandaoni, ni ya bure, na yeyote mwenye simu aje baadaye amwonyeshe. Akasimulia habari za Sara huku anachanganya maji, na akina mama wakaonja mmoja mmoja. Walicheka. Waliuliza. Waliandika neno "chemsha" ubaoni wenyewe. Sista Mbambu alikuwa anatabasamu.

Kisha mimi. Niligawa karatasi. Mpango ulikuwa mpango.

Wa kwanza kusoma alikuwa mama Aimée, aliyekimbia kutoka Beni, Kongo. Anasoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Mbambu... alikuwa... binti... pekee... wa mama yake."

Akaacha. Akarudia. Akaniangalia. Akauliza, "Na Masika?"

Nikamwonyesha kwa kidole sentensi inayofuata.

Mwingine akauliza Biira naye yuko wapi. Mwingine akauliza Kabugho.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Masika ni binti wa kwanza, Biira wa pili, Kabugho wa tatu, Mbambu wa nne. Wakonzo wote, wasichana kwa wavulana, tunaitwa kwa kufuatana kwa kuzaliwa, na Wanande, ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, vilevile. Mimi mwenyewe ni Biira, wa pili, hesabu hiyo naijua tangu tumboni. Lakini nilipokuwa naandika nilikuwa naona uso wa Sista tu.

Mama Aimée alisema kwa upole kwamba basi wale watatu wamekufa. Wengine wakakubali. Wakaanza kujadili wamekufa na nini. Mmoja alisema ni maji yale yale ya mto, kwani mama huyu anaonekana hachemshi. Amezika watatu na bado anamnywesha wa nne! Mwingine alisema si maji, mtu aangalie upande wa ukoo wa baba. Mama Rachelle alisimama akasema yeye anachemsha, mwanawe mdogo ni Kathembo, mvulana wa tano, na wale wanne wakubwa wako nyumbani wazima, anayebisha aende akawahesabu. Mwingine akasema hadithi hii si ndiyo ile ya Mackline, ila hapa mtoto amebadilishwa jina na dada zake wakauawa?

Mackline alikuwa ameinama, anaangalia ndani ya sufuria yake.

Nilitaka kusema ni kosa langu. Ni maneno machache. Hayakutoka. Nikainua vidole vitatu, sijui kwa nini. Pengine ni mazoea ya kibandani. Watu wakadhani nathibitisha watatu wamekufa. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Sista Mbambu alikuwa hatabasamu tena. Alikuja akanichukua karatasi mkononi, akaisoma mpaka chini. Akaniuliza ni nani aliyeniambia. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Mama yangu alikuwa anachemsha. Wiki ile mvua haikukatika, kuni zote zililowa. Ukiandika habari zetu, mwanangu, na hilo liandike."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akamwambia Mackline aje zahanati Jumatatu.

Jumapili, 16 Machi

Mama mdogo alikwishasikia kabla sijaamka. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanieleza kwamba Sista ni mtu wa Bwesumbu, juu mlimani, na dada zake watatu walizikwa ndani ya wiki moja. Yeye alikuwa bado ananyonya. Ndiyo maana akawa muuguzi. Bwera nzima inajua, akasema, isipokuwa wewe, kwa sababu wewe huongei na watu.

Kisha akatia sukari katika chai yangu. Katikati ya Kwaresima. Nikajua hali ni mbaya.

Baada ya misa Sista alinisimamisha nje ya kanisa. Alisema hana kinyongo. Alisema nikitaka nije kila Jumamosi nikae nyuma ya darasa, nisikilize akina mama wanavyoongea, kwani mwalimu huanzia hapo. Niliitikia vizuri sana.

Kukaa nyuma! Mimi mwenye Senior Four, nimsikilize mama Aimée. Mackline atavaa gauni jeupe na mimi nikae na watoto wanaonyonya. Siendi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimewaza sana kibandani na kosa langu nimeliona. Limenichukua siku nne lakini nimeliona. Sitalirudia.

Kasese mjini kuna shirika linalotafuta kijana wa kuwasomea watoto hadithi za afya shuleni. Mteja mmoja wa samaki ameniambia. Msimamizi anaitwa Bwana Kathembo, na hatujuani kabisa, kwa hiyo sina haja ya kuwa na aibu sana.

Nimepata hadithi nyingine ya bure, ya malaria. Mtoto Petro analala ndani ya chandarua, mdogo wake halali humo. Mstari wa ruhusa nimeuruka tena. Célestin nimemwahidi samaki wawili, akija mwingine aseme wino umekwisha. Petro nimembadilisha jina. Sasa ni Kathembo, mtoto mwerevu, kifungua mimba wa mama yake.

Célestin aliisoma, akafunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakatikisika. Nadhani imemgusa.

Safari hii sina wasiwasi. Ni mvulana. Hakuna atakayeniuliza dada zake wako wapi.